Nisisikie Umenyamaza

Mara ya kwanza kumwona mkwe wangu akimpiga binti yangu, alitumia mkono ulioshika mkate. Hakuuweka chini. Alimzaba kofi na kipande chake kikiwa vidoleni, makombo yakaniangukia mapajani, kisha akaendelea kula. Binti yangu akanimiminia chai, na bado akakumbuka kwamba sipendi sukari nyingi. Nilipofika kwangu, hiyo sukari ndiyo iliyoniliza kuliko lile kofi.

Mtaani wanamwita Baridi. Ni fundi wa majokofu, na hapandishi sauti hata akiudhika. Wanaume wengine hupiga kelele kwanza, mtu akapata nafasi ya kukimbia. Baridi hakumpa mtu nafasi hiyo. Alikuwa anaongea vizuri tu, anauliza chumvi iko wapi, mara mtu yuko chini. Baada ya siku ile nilimwona binti yangu na mdomo uliochanika, na kidole kilichofungiwa kwenye mpini wa kijiko, na siku nyingine alikaa kitako upande mmoja tangu asubuhi hadi naondoka. Simu yake Baridi aliiponda kwa kisigino. Nilipomwambia aje kwangu alinijibu kwamba atafuatwa, na nikimficha nitapigwa mimi pia. Nikamwambia mimi ni mzee, mifupa yangu haina kazi nyingine.

Mwishowe alikubali. Tulichagua Jumatano moja, kwa sababu Baridi alikuwa na kazi ya jokofu la bucha upande wa pili wa mji, kazi ya kutwa nzima. Binti yangu angeomba ruhusa mapema kwenye duka la kutoa nakala anakofanya kazi, afungashe nguo mchana, na mtoto akimaliza somo lake la alasiri waje wote wawili kwangu. Nilikuwa nimeondoa magunia kwenye chumba cha nyuma, nikakipiga deki, nikatandika kitanda.

Huyo mtoto ni mjukuu wangu. Tunamwita Sindano kwa wembamba wake, na kwa ulimi wake pia.

Kuhusu hilo somo la alasiri inabidi nieleze. Shule yao ina watoto wengi kuliko vyumba. Darasa la akina Sindano huingia asubuhi, na mchana huwapisha wenzao. Mwalimu wao, mwanamke mchanga mwenye sauti ya mafua ya kudumu, hakutaka alasiri zipotee. Akawafungulia ukurasa mmoja kwenye mtandao, na kila mtoto huufungua akiwa kwao, kwenye kompyuta au simu ya mzazi. Wasio na kifaa hukaa wawili wawili kwa wenzao. Wote wanaandika humo humo kwa wakati mmoja. Mara ya kwanza nilipouona niliogopa kidogo, maana maneno yalikuwa yanatoka yenyewe kama mchwa baada ya mvua. Kila mtoto ana kijiti chake kinachowaka na kuzima, kina rangi yake na jina lake la utani. Cha Sindano ni cha kijani. Kipo chekundu cha mtoto anayeitwa Redio, ambaye hanyamazi hata akilala. Kipo cha manjano cha Goti, golikipa wao.

Mwalimu aliomba kila mtoto alete mtu mzima mmoja awe msomaji. Wazazi wengi hawakuwa na muda. Mimi muda ninao. Nasoma polepole, kwa kidole, lakini nasoma. Mwalimu alinikuzia herufi kwenye simu yangu, akanipa rangi ya kahawia. Wiki ya kwanza nilibonyeza vibaya nikafuta aya nzima ya watoto. Ilirudi papo hapo, na Mwalimu akaandika, "Upepo umepita, tuendelee." Hakuna aliyejua ni mimi ila Sindano, ambaye alinicheka wiki nzima.

Kwenye insha za pamoja walikuwa na sheria tatu. Mtu aandike sentensi moja, ampishe mwenzake. Asifute cha mwenzake. Na asikatae alichoandika mwenzake, akipokee, akiendeleze. Sheria ya nne haikuandikwa, lakini kila nyumba iliijua: mtoto akiingia kwenye ukurasa kisha akanyamaza, Mwalimu humpigia mzazi. Asipopokelewa, huenda mwenyewe. Mwezi mmoja kabla alimfuata Sindano hadi mlangoni kwa Baridi, na viatu vyake vizuri vimejaa tope. Baridi alimkaribisha maji ya kunywa. Alipoondoka, binti yangu alililipia lile tope.

Basi Jumatano ile nilikuwa jikoni kwangu nachambua mchele, simu imeegemea mtungi. Mwalimu alitoa mwanzo, kwamba mlango uligongwa kwa nguvu, kisha akawaachia. Redio, kama kawaida yake, akaleta jitu. Goti akalipa jitu njaa. Mtoto mwingine akalivalisha suruali fupi ya mjomba wake. Nilikuwa nacheka peke yangu.

Kijiti cha kijani kikasogea. Sindano akaandika kwamba jitu limerudi nyumbani kuchukua bomba la shaba lililosahauliwa.

Redio akaandika kwamba jitu likashika nyundo.

"Hapana," akaandika Sindano. "Halina nyundo. Limeona begi la nguo juu ya kitanda. Limeshika bomba."

Mwalimu akamkumbusha kwa upole sheria ya tatu, asikatae sentensi ya mwenzake. Watoto walikuwa wamekwisha kunoa meno. Mmoja akaandika jitu lilipiga ukuta ukapasuka. Mwingine akaleta damu, mpaka mlangoni. Goti akamtupa mtu dirishani. Kila mmoja alitaka kumshinda mwenzake, ndivyo watoto walivyo, na kijani kikawa kinarudi kila mara kusahihisha. Hapana, hajatupwa dirishani. Amekimbilia bafuni. Hapana, mlango haujavunjika. Kitasa kimelegea. Jitu linapiga pale kwenye kitasa tu. Mama anasema samahani, anasema samahani, jitu halisemi kitu.

Mchele ukanimwagika. Bado sikuwa nimejua, niseme ukweli. Mwili ndio uliotangulia kujua. Nikasoma mstari uliofuata kwa kidole, neno kwa neno. Sindano alikuwa ameandika kwamba chini ya mlango wa bafu kuna kipande cha bati la bluu, na bati linajikunja.

Lile bati nililipigilia mimi, na misumari niliinunua mimi. Mlango ulikuwa unaoza kwa maji, na Baridi hakuwa na nafasi ya kuutengeneza.

Niliinua simu nikaanza kuandika kwa kidole kimoja, kwa herufi kubwa, SINDANO TOKA. Nilipofika katikati nikaona herufi zangu za kahawia zinatokea pale ukurasani, moja moja. Ninachokiona mimi ndicho anachokiona yeye. Kompyuta yao iko mezani sebuleni, kioo kimegeukia chumba, na Baridi yumo humo humo. Nikafuta haraka, kidole kinateleza kwa jasho. Kisha nikakumbuka kwamba wanaandika hadithi. Nikaandika polepole, nikikaza macho:

"Bibi wa yule mtoto alisikia kila kitu. Bibi anakuja."

Kijani kikasimama. Kikawaka, kikazima.

"Bibi asije peke yake," akaandika. "Jitu limesema endelea kuandika. Limesema nisisikie umenyamaza. Mtoto haruhusiwi kugeuka."

Hapo ndipo nilipolielewa lote. Baridi aliiogopa simu ya Mwalimu. Alijua mtoto akinyamaza kuna mtu atapiga, na asipopokea kuna mtu atakuja na viatu vyake vizuri. Kwa hiyo alimweka mtoto mezani awe anabonyeza vile vitufe, na yeye nyuma yake afanye kazi yake. Kwake yeye kompyuta ile ilikuwa shule tu. Hakufikiri kwamba ni mahali penye watu.

Nilimpigia Mwalimu nikiwa natafuta viatu. Nikamwambia hiyo si hadithi, ni nyumbani kwao, ni binti yangu aliye bafuni. Kisha nikasikia ile sauti ya mafua ikibadilika, imekuwa kavu.

"Bibi, usiandike kingine cha wazi. Mimi nitawashika watoto. Baba yake Redio ana karakana mtaa ule ule, nampigia sasa hivi. Nawapigia na polisi. Wewe tembea, ila usiingie mwenyewe. Umenisikia?"

Nilimwambia nimesikia. Niliweka wazi ule ukurasa nikatoka, sikufunga hata mlango.

Si mbali kwa mtu mwenye magoti. Nilitembea nusu nakimbia, simu nimeishika mbele ya uso, nagongana na watu. Mwuza mitumba mmoja nilimpitia juu ya bidhaa zake, nikamkanyagia mashati, akafungua mdomo anitukane, akaniona uso, akasogeza rundo lote pembeni ili nipite. Mwenyezi amlipe.

Kwenye kioo Mwalimu alikuwa amevunja sheria yake mwenyewe. Aliandika kwamba leo zamu hazipo, Sindano aandike mfululizo, wengine wasubiri. Watoto wakalalamika. Redio akauliza kwani yeye amefanya nini. Halafu, ghafla, kile kijiti chekundu kikanyamaza, nikajua baba yake ameshapokea simu mbele yake. Tangu nimjue yule mtoto sijawahi kuona amenyamaza.

Sindano aliandika. Aliandika bila kusimama, kile anachokisikia nyuma yake na kivuli anachokiona kwenye kioo. Kitasa kimeanguka. Jitu limeingiza mkono kwenye tundu. Mama ameuma mkono. Jitu limecheka. Jitu limechukua bisibisi linachomachoma kwenye tundu. Mama amelia mara moja halafu basi. Jitu linasema fungua tuongee. Mama amesukumia ndoo mlangoni. Jitu linapiga bawaba za juu sasa. Bawaba moja imetoka.

Nilisoma yote hayo nikiwa barabarani, jua linaniwaka utosini, magari yananipigia honi. Mtu akisikia mwanawe anauawa anasikia kwa masikio. Mimi nilisoma. Kila neno lilinichukua muda wake, na nilijua kwamba nikiwa bado nalisoma lile, jingine limeshatokea.

Goti, maskini, hakujua kitu. Alichoka kusubiri. Manjano ikaruka katikati ya kijani, ikaandika kwa furaha kwamba ndipo majirani wote na polisi wakaizunguka nyumba ya jitu.

Kijani kikaandika: "Limeuliza kwa nini vitufe vimesimama. Nilikuwa namsoma Goti. Linakuja kuangalia nimeandika n"

Na hapo pakawa na herufi moja. Jjjjjj. Ikajaza mstari. Ikajaza mstari wa pili na wa tatu, kijani tupu, ikawa inashuka na kushuka, ukurasa unajisukuma wenyewe. Vijiti vya watoto wote vilisimama. Goti akaandika, "Sindano?" Hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa nimefika chini ya ngazi zao, nikajua ile ni nini. Ni uso wa mtoto umekandamizwa kwenye vitufe, na kuna mkono juu yake.

Baba yake Redio alifika wakati huo huo, mwanamume mpana aliyevaa bado ile ngozi yake ya kifuani ya kuchomelea, nyundo mkononi. Alinisalimu. Katika hali ile alinisalimu, shikamoo Mama, kisha akanipita, ngazi mbili mbili.

Mlango wa Baridi una geti la chuma kwa nje, komeo limefungwa kwa ndani. Nililishika nikalitikisa, nikaita jina la binti yangu. Ndani nilisikia bomba linatua juu ya kitu laini. Si mara moja. Binti yangu hakuwa anapiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

"Sogea, Mama," akasema baba yake Redio. "Geti hili nililichomelea mimi. Najua linaumia wapi."

Alipiga mapigo machache kwenye bawaba ya chini, pigo la mwisho na bega lake, geti likalala upande mmoja. Mlango wa mbao nyuma yake haukuwa shida.

Sebule ilikuwa imejaa majokofu kama siku zote, mengine hayana milango, waya zimetoka nje. Sindano alikuwa chini ya meza. Mdomo wake wote ulikuwa damu, na alikuwa ameshika miguu ya kiti kwa mikono miwili. Juu yake, nusu ndani ya meza nusu nje, amelala binti yangu, amemfunika mwanawe kwa mgongo, na Baridi amesimama anaupiga ule mgongo kwa bomba la shaba, taratibu, kama mtu anayepiga mkeka utoke vumbi. Upande mmoja wa uso wa binti yangu haukuwa unaonekana kwa damu. Mlango wa bafu ulikuwa wazi, haujavunjwa.

Baridi aligeuka. Hakushtuka. Alimwambia baba yake Redio kwamba haya ni mambo ya nyumbani, fundi arudi kazini kwake, atalipia geti. Yule akamvaa. Aliiacha nyundo mlangoni, nadhani hakutaka kuua. Baridi alimpiga bomba kwenye mkono wa kulia, nikausikia mfupa, kama ukuni mkavu. Mwanamume yule alianguka juu ya jokofu na jokofu likaanguka naye, na Baridi akainua bomba juu ya kichwa chake.

Nilikuwa nimeokota spana. Sanduku lake la vifaa lilikuwa wazi pale sakafuni, na spana ile ilikuwa kubwa kuliko zote, nzito kama mtoto mchanga. Nilimpiga goti kwa nyuma. Likatoa sauti, akaketi chini, akanitazama kama mtu anayeniona kwa mara ya kwanza.

"Mama," akasema.

Nikampiga ule mkono wenye bomba. Nikampiga bega. Nikampiga tena goti lile lile, kwa sababu nilijua sasa linaumia, na akalia, na mimi sikusimama. Sikumpiga kwa hasira ya kupofusha macho, nilikuwa naona kila kitu: waya, mchuzi uliomwagika, kiatu kimoja cha mwanangu. Nilimpiga kwa ajili ya yale makombo ya mkate. Nilimpiga kwa ajili ya kijiko kile cha kidole. Sauti yake niliisikia kwa mara ya kwanza siku ile, kumbe alikuwa nayo kubwa. Niliinua spana nikiwa nimelenga kichwa.

Mkono ukanishika kiwiko, polepole, kama mtu anayemshika mzee kumvusha barabara. Alikuwa baba yake Redio, kwa mkono wake mzima. Ule mwingine ulikuwa unaning'inia.

"Basi, Mama," akasema. "Ameshalala huyo. Nenda kwa wanao."

Nikaiweka spana chini. Nikaingia chini ya meza.

Polisi walifika, wakambeba Baridi kwenye blanketi kwa sababu hakuweza kusimama. Hata leo anachechemea, yuko ndani, na kesi inaendelea. Wameniuliza kama nilikusudia kumuumiza. Nimesema ndiyo. Askari aliyekuwa anaandika aliinua kichwa, akaniuliza kama nimeelewa swali. Nikasema nimelielewa vizuri, mwanangu, andika ndiyo.

Binti yangu alipoteza jicho la kushoto. Mbavu zilivunjika, lakini ziliunga. Sindano alipoteza meno ya mbele na akashonwa mdomo wa chini, kwa hiyo kwa siku nyingi hakuweza kutusema, tukapumzika. Hospitali nilikaa kati ya vitanda vyao viwili. Mwalimu alikuja kila alasiri baada ya kazi na viatu vyake vile vile. Siku ya kwanza alipiga magoti kando ya kitanda cha Sindano akamwomba radhi kwamba alimsahihisha. Sindano hakuweza kusema. Alimpapasa Mwalimu kichwani, kama mtu mzima anayembembeleza mtoto, kisha akamfuta kamasi.

Redio alikuja na baba yake, mkono wa baba kwenye plasta. Mtoto alikuwa mwekundu macho. Alisubiri mpaka wengine walipoanza kuongea, ndipo akaninong'oneza:

"Bibi, mimi ndiye niliyempa nyundo. Kwenye insha."

Nikamwambia hakumpa. Asome vizuri, Sindano aliikataa palepale. Akafikiri sana, akauliza kama sheria ya tatu basi ni mbaya. Nikamwambia hilo amuulize Mwalimu, mimi ni msomaji tu. Baba yake akasema tangu mkono uvunjike mke wake anamkatia nyama kama bwana arusi, na anaomba plasta isitolewe mapema. Binti yangu akacheka, akashika mbavu, akasema jamani msinichekeshe.

Siku ile niliomba mwanangu anieleze kitu kimoja kilichokuwa kinanikaa kooni. Nilimuuliza aliyefungua mlango wa bafu ni nani, maana niliuona haukuvunjwa. Bawaba moja ilikuwa imetoka, nyingine ilikuwa bado imeshika.

Aligeuza uso upande wa jicho zima ili anione.

"Ni mimi, Mama. Kule ndani nilikuwa sioni anachofanya. Kati ya pigo na pigo nilikuwa nasikia vitufe tu. Tap, tap, tap. Nikajua mtoto yuko hai, nikasema acha bomba lipige mlango, mlango hauna damu. Halafu vitufe vikanyamaza."

Nilimfunika miguu.

Sasa wanakaa kwangu, chumba cha nyuma. Geti jipya ametuwekea baba yake Redio, na safari hii komeo lake linafunguka pande zote mbili. Bei yake amegoma kuitaja. Somo la alasiri lilirudi. Mwalimu alituuliza sisi kwanza. Ule ukurasa wa Jumatano hakuufuta. Alisema ni wa watoto, na cha mwenzako hakifutwi. Sindano alipoufungua tena alisogeza kijiti chake cha kijani mpaka mwisho wa zile herufi. Nilikuwa nimekaa karibu naye, na kwenye kioo niliona darasa zima limo, nyekundu na manjano na rangi zote, vijiti vimesimama tuli vinawaka na kuzima, hakuna anayeandika. Alibonyeza kufuta akashikilia. Zilikuwa nyingi. Zilichukua muda kuisha, mstari kwa mstari, na hakuna mtoto aliyetoka. Alipofika kwenye ile sentensi iliyokatika, akaimalizia neno lake. Kisha akaanza nyingine, kwamba Mama alifungua mlango akatoka.

Redio akaipokea, akaiendeleza. Jitu likaishia kwenye suruali ya mjomba. Watoto ni watoto.

Mwalimu ameongeza sheria. Sasa mtoto anaweza kuandika hapana, na wote wakasimama hapo hapo, wakamuuliza. Wanaitumia sana kuliko inavyotakiwa, hasa Goti.

Binti yangu hajarudi kazini. Alasiri hukaa chumba cha pili na mlango wazi, nguo za kukunja mapajani, nami humletea chai yake. Hataki tuwashe kitu chochote chenye sauti. Anasikiliza vitufe. Vikienda mfululizo anakunja nguo. Sindano akisimama kidogo, anatafuta neno, mikono ya mama yake inasimama na yeye.

"Upo?" anaita.

"Nipo, Mama. Nafikiria."

Naye anarudi kwenye nguo zake.